Bunduki ya Babu na Kona ya Shamba

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, ndevu zangu ndiyo kwanza zinachomoza, baba na mimi tulipopanda basi pale Mkata kwenda Korogwe kuchukua bunduki ya marehemu babu. Ilikuwa kwa fundi mmoja wa mtaa wa Kilole, ikitengenezwa. Mpaka leo nikiikumbuka siku ile mwili unanisisimka.

Nikueleze kwanza ugomvi tuliouacha nyumbani. Kona moja ya shamba letu ilikuwa pori miaka yote, na baba alitaka ilimwe, apande mahindi. Trekta ilikuwa ije kesho yake. Dada yake mkubwa, Shangazi Mwanahawa, alikataa katakata. Alisema pale amelala mtu, askari wa Kihindi wa vita vya kwanza, aliyeachwa na wenzake akiwa hoi kwa homa. Babu alimficha, akamnywesha uji, na alipokufa akamzika na kubaki na bunduki yake. Shangazi alikuwa mtoto mdogo, lakini aliyaona kwa macho yake.

Tulimcheka, mwanangu. Wahindi tuliowajua sisi walikuwa wa madukani, wa kupima vitambaa na mafuta ya taa. Mhindi wa kubeba bunduki tungemtoa wapi? Isitoshe, baba alikuwa na hadithi yake: babu alikuwa askari wa Mjerumani, na bunduki aliipata huko. Aliisimulia kila harusi, na kila harusi vita vya babu vilizidi kuwa vikali. Shangazi akijaribu kusema, baba anamkatiza.

Fundi mwenyewe alikuwa mzee aliyewahi kutengeneza silaha jeshini enzi za Mwingereza. Alikuwa amebandua rangi nyeusi tuliyokuwa tukiipaka mwaka baada ya mwaka ili isishike kutu, na kitako kilichopasuka alikitengeneza upya kwa mninga. Ilikuwa inang'aa, nakwambia! Baba aliipokea kama anapokea mtoto mchanga, akaanza habari zake za Mjerumani. Fundi alimwacha amalize, kisha akaweka kidole pembeni, juu kidogo ya kifyatulio. Palikuwa na taji, na chini yake herufi G na R. Akasema hiyo ni alama ya mfalme wa Mwingereza.

Baba hakushindwa. Alisema basi babu aliiteka kwa Mwingereza. Fundi akatabasamu, akatuonyesha mshale mdogo uliogongwa kwenye chuma, na chini yake herufi I.

"Hii ni ya India," alisema. "Bunduki kama hizi walizibeba askari waliotoka huko. Walipita hapa Korogwe kwenda Handeni, wakimfukuza Mjerumani."

Moyo ulinilipuka kwa furaha. Nilisahau adabu nikamshika baba mkono. Shangazi alikuwa akisema kweli! Ndani ya basi sikutulia kitini, niliona dereva anatuchelewesha makusudi. Baba aliipakata bunduki ikiwa ndani ya gunia.

Tulipofika alikwenda moja kwa moja jikoni kwa Shangazi, akamwekea ile bunduki mapajani.

"Shikamoo, dada. Naomba unieleze upya. Leo sikukatizi."

Shangazi alipapasa taji kwa kidole, akacheka huku machozi yanamtoka. Akaeleza, na safari hii akafika mahali ambapo hatukuwahi kumwacha afike: yule askari alikufa akitamka shahada, babu akamwosha na kumzika Kiislamu. Na kabla homa haijamzidi, alikuwa amewatajia jina lake. Aliitwa Karimu.

Kulipokucha trekta ikaja. Baba alisimama mbele yake, akamwonyesha dereva mahali pa kupindia. Kisha tukaingia kwenye lile pori, tukamsomea Karimu Fatiha, na Shangazi ndiye aliyetuonyesha kichwa kimelala upande gani.

Sasa nisikilize, mwanangu. Kitu cha wazee ukikirithi, uliza kimetoka wapi kabla hujaanza kujisifia nacho. Na anayekusimulia jambo aliloliona, mwache amalize, hata kama hadithi yako wewe inapendeza zaidi harusini. Sisi tulimkatiza Shangazi maisha yake yote, na jina la mtu lilikuwa limebaki kwake peke yake.

Mungu akupe masikio yenye subira. Na siku utakapokuwa mzee kama mimi, akupe wa kukusikiliza mpaka mwisho. Amina.