Miezi Mitatu Tulimwita Mgeni

Mwanangu (nakuita hivyo kama wazee, ingawa vijana wa Dar nao huitana hivyohivyo, kwa hiyo chagua mwenyewe), ipo asubuhi moja hapa Kibiti ambayo nikiikumbuka najicheka, kisha naona haya.

Nilikuwa kiongozi wa meza kwenye karakana ya kubangua korosho. Elimu yangu darasa la saba, lakini siku niliyopewa meza ile nilijiona waziri. Mwenye karakana alipenda kuajiri watu mchanganyiko: Wandengereko, Wamatumbi kama mimi, kisha akaja Minza, Msukuma, binti wa wafugaji waliohamia upande wa Nyamwage. Nikafurahi kweli. Nikampa kiti chenye mgongo, sisi tukikalia vigoda. Mchana tukizunguka sinia moja, yeye nampakulia sahani yake pembeni, na kipande kikubwa cha samaki. Kila asubuhi namwambia, "Mgeni, karibu."

Miezi mitatu hivyo. Kisha nikasikia Minza ameaga ofisini, Ijumaa ndiyo mwisho. Nikashtuka, maana hakuna aliyemenya korosho bila kuzivunja kama yeye. Nikamfuata.

"Dada Minza, nani kakuudhi?"

"Hakuna."

"Sasa unaacha kwa nini?"

"Kwa hilohilo. Bi Tatu mnamtania mpaka anatoka machozi. Mwajuma akikosea mnamsema. Mimi mnanipa kiti."

Sikuelewa. Nikaenda kwa Bi Tatu, mkubwa wetu pale mezani, Mndengereko ambaye kila siku ananitania kwamba Wamatumbi tuliteremka milimani kufuata chumvi. Siku hiyo hakutania.

"Mtu anakuwa mgeni kazini kwake mpaka lini? Umewahi kumuuliza anapenda kula wapi?"

Sikuwahi. Na hilo ndilo linalonishangaza hadi leo: kabila lake nililijua, jina la mwanawe sikulijua.

Asubuhi ya Alhamisi Bi Tatu akaokota korosho iliyovunjika mbele ya Minza.

"Hii umeimenya kwa meno?"

Meza nzima tukaacha kubangua. Minza akaitazama ile korosho, akamtazama Bi Tatu mdomoni. "Ndiyo, Bi Tatu. Ningekuazima, lakini bado nayatumia."

Bi Tatu hana meno ya mbele. Alicheka mpaka akashikilia meza, nasi tukamfuata. Mchana nikamuuliza Minza angependa kula wapi. Alinawa, akanisukuma kwa bega nisogee, akatia mkono kwenye sinia. Kabla ya jioni alikuwa ameshakwenda ofisini kufuta maneno yake. Leo kiongozi wa meza ni yeye, na nikivunja korosho ananisema kweli.

Basi mwanangu, ukipata kazi, na ukifungua karakana yako kama mimi ninavyoota kila siku, usiridhike kwamba watu wa kila namna wamo ndani. Angalia nani anaulizwa maoni, nani anasahihishwa, nani ana ruhusa ya kurudisha utani. Wapo wasiopenda kutaniwa. Hao nao utawajua kwa kuwauliza. Mimi nilimjengea mtu ukuta kwa heshima, na nilidhani namtendea wema.

Mola akujaalie kazi ya halali, na wenzako wa kukuuliza umeamkaje, kisha wakasubiri jibu.