Pangaboi la Chumbani kwa Bi Azelie

Bi Azelie Guidroz alikuwa haambiliki. Mashine ya kupoza hewa ilimkohoza, basi akaing'oa dirishani akampa kasisi. Mwaka huu joto la Julai la Louisiana likamwangusha chini puu, na binti yake Nolia akafunga safari kutoka Houston, maboksi matupu yamejaa garini. Akasema chumba kisipopoa, mama anahama naye leo. Ndiyo maana Earline, fundi umeme, alikuwa darini tangu alfajiri akifunga pangaboi, jasho linamtiririka hadi viatuni.

Earline alikuwa mpishi wa shule nusu ya maisha yake. Sufuria zilipomchosha akaenda kusomea umeme, mtu mzima mwenye wajukuu. Watu walicheka weee, mpaka taa zao zilipoanza kuzimika wakamtafuta wenyewe. Bi Azelie hakumcheka hata siku moja, na Earline alimpenda kwa hilo. Roho ilimuuma kumfikiria mama yule amefungiwa ghorofani Houston, hana hata jirani wa kugombana naye.

Kazi ya juu ilikwenda vizuri. Alizima meni swichi, akakaza chuma kati ya boriti mbili kibebe uzito wa pangaboi, akaunga waya mpya kwenye boksi la taa ya ukumbini. Ilibaki kuuteremsha ndani ya ukuta hadi mahali pa swichi. Waya ukagoma. Akausukuma, akauzungusha, akautukana kidogo. Wapi!

"Bi Azelie! Huu ukuta una nini ndani?"

"Hamna kitu! Mbao na jipsamu tu. Marehemu mume wangu aliujenga upya, si nilishakwambia?"

Earline akashuka, akakata tundu dogo la swichi. Msumeno ukatoa vumbi la kahawia, kisha nyuzi nyeusi za ile mimea inayoning'inia kwenye miti ya kule bwawani. Nyuma ya jipsamu kulikuwa na udongo mtupu, umeshindiliwa kati ya nguzo kama walivyojenga wazee.

Bi Azelie alikuwa amesimama mlangoni, uso umemshuka.

"Haya, umeona. Cheka basi."

"Nicheke nini?"

"Shuleni walituita watoto wa tope. Nilipoolewa nikamwambia Clebert, funika kuta zote, mtu asijue. Hata Nolia hajui."

"Jamani, Bi Azelie! Asubuhi nzima nasukuma waya kwenye udongo, kisa aibu ya watoto waliokwisha kufa?"

"Si wote. Elvina yupo," akasema Bi Azelie. "Ila meno hana."

Earline alitaka kukasirika, kicheko kikamshinda. "Na kabati la nguo je? Nalo ni uongo?"

"Lile ni mbao kweli. Clebert alilipigilia mwenyewe."

Basi magauni yote yakatupwa kitandani, bibi akashika tochi, na waya ukateremka ndani ya bomba kwenye pembe ya kabati, ukatokea karibu na mlango.

Earline alikuwa anafunga swichi Nolia alipoingia. Akaliona lile tundu. "Mama, nyumba inabomoka hii!" Akainama kuchungulia. Udongoni kulikuwa na alama za vidole.

"Vya nani?"

Bi Azelie akasogea karibu. "Vya bibi yako. Wanaume walikanyaga tope, wanawake wakalishindilia kwa mikono."

Nolia akaingiza vidole vyake, kimoja kimoja. Vilienea.

Earline akawasha umeme, akabonyeza swichi. Pangaboi likasita, likazunguka, na magauni kitandani yakaanza kupepea. Nolia akasimama chini yake, macho kafumba. Bi Azelie alikuwa ameshikilia kitasa cha mlango kwa mikono miwili, anamwangalia.

"Earline," Nolia akasema mwishowe, "na jikoni unaweza kumwekea jingine?"

"Naweza. Inategemea kuta za huko ni za nini."

"Udongo," akajibu Bi Azelie, kwa sauti ya kusikika hadi barabarani. "Nyumba nzima ni ya udongo."