Ua la Njano Kwenye Chupi ya Mtoto

Nilitarizi ua la njano kwenye makalio ya chupi ya kuzuia mkojo. Nalisema mapema ili niondokane nalo. Cherehani naijua tangu nimalize kidato cha nne. Nashona sare za shule na magauni ya harusi hapo hapo barazani kwangu, Chumbageni, na sihitaji kuambiwa na mtu kwamba sindano ikipita inaacha tundu. Lakini niliipitisha mara zisizo na idadi, pale pale mtoto anapokojolea, kisha nikainua kazi yangu juu nikaitazama kwa mahaba.

Mtoto ndiye wangu wa kwanza, msichana, wakati huo hajatimiza arobaini. Pampasi zilimtoa vipele, tukarudi kwenye nepi za kitambaa, na nepi ya kitambaa ikiwa peke yake ni chujio tu. Mimi nisingejali. Nilishazoea kunuka maziwa juu na mkojo chini. Aliyeninyima raha ni mama mkwe.

Alitoka Kigombe kuja kunilea uzazi. Alinipikia uji wa pilipili manga, akasimamia nikandwe kwa maji ya moto hadi nikaomba msamaha kwa makosa nisiyoyajua, akaifunika cherehani yangu shuka kama maiti. Kila kitu alifanya, isipokuwa kimoja: hakumpakata mjukuu wake. Ni mtu wa sala, na nguo iliyoingia mkojo haisaliwi mpaka ioshwe. Bega lake la kulia nalo halinyanyuki vizuri. Kuvua gauni na kuvaa jingine kwake ni mieleka, na kusaidiwa kuvuliwa hataki, na yeyote. Basi alikaa pembeni ya kitanda, akamshika mtoto kidole cha mguu.

"Mke mwenzangu huyu mzuri," alikuwa akisema, "ila huku chini hana adabu."

Angeondoka Ijumaa, tukishamaliza arobaini. Nilikuwa nikiitazama mikono yake ilivyolala mapajani bila kitu, nikaona haiwezekani arudi Kigombe na kidole cha mguu tu.

Ndipo siku moja, yeye yumo bafuni, nikaifunua cherehani. Nilichana mwavuli mkuukuu, nikakata chupi ya kuvalishwa juu ya nepi. Ilitoka vizuri, ila nyeusi, ya kimsibamsiba. Nikaona niichangamshe. Mengine mnayajua.

Mama mkwe alimpokea mtoto baada ya Adhuhuri, amevaa gauni lake jeupe la kusalia. Alimlaza pajani akaanza kumwimbia. Alipomwinua, palikuwa na ua kwenye gauni. Petali zote nane, majimaji, na hata kikonyo.

"Mke mwenzangu ameniandikia barua," alisema.

Alicheka kidogo, akaingia chumbani, akafunga mlango. Nilimsikia akihangaika na mkono wa gauni, akihema, akipumzika, akianza tena. Nilisimama nje ya mlango kama mwanafunzi aliyefukuzwa darasani.

Mzazi wa siku thelathini na kitu haendi sokoni, kwa hiyo nilimtuma jirani yangu, Msambaa mwenye watoto watano na maneno machache, wote wa kanisa la Kilutheri. Maneno yake sijui ya wapi. Alimwomba muuzaji mmoja wa Ngamiani ampe chupi tatu nizichague nyumbani, zisizofaa zirudi. Tulikaa na beseni, nikamimina kikombe cha maji katika kila moja.

Ya kwanza ilikuwa ya plastiki ngumu. Maji haikutoa, lakini ilipiga kelele kama mfuko wa biskuti, na mpira wake wa mguuni uliniachia alama kwenye kiwiko changu, sembuse paja la kichanga. Ya pili ya mtumba, ina bata wadogo wa buluu. Niliipenda hapo hapo. Utando wake wa ndani ulikuwa umebanduka, ikatiririsha maji, nami bado nimeishika.

"Labda ni maji mengi mno," nilisema.

"Unachagua chupi au kitenge cha sikukuu?" jirani aliuliza.

Ya tatu ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa iliyopoa. Nje kitambaa laini, ndani utando unaoteleza, vifungo vya kubana, mpira mguuni mistari miwili, na katikati ya miguu hakuna mshono hata mmoja. Tuliiangalia kwa muda mrefu. Hata tone halikudondoka.

"Hawana kama hii yenye bata?"

Jirani aliikamua ile ya bata, akaiweka kando.

Safari hii nilijaribu kwangu kwanza. Nilimnyonyesha kushoto, nikamnyonyesha kulia, nikampakata nikangoja. Nepi ikalowa chepechepe, paja langu kavu. Jumatano baada ya Adhuhuri nikambadilisha, nikampeleka.

Mama mkwe alimgeuza, akamkagua. "Leo hakuna ua?"

"Hakuna, mama."

Alimweka kifuani, upande wa bega zima. Wala hakuimba. Alimnong'oneza maneno ya Kigombe huko, mtoto akalala na mdomo wazi. Kulipoadhiniwa Alasiri alipapasa gauni lake kwa kiganja, kote, taratibu, akanipa mtoto, akasali na gauni lile lile. Kabla hajakunja msala alishanyoosha mikono arudishiwe mtoto.

Nikamrudishia. Muda ukaenda, maziwa yakaanza kunijaa. Mtoto akajinyoosha kidogo tu, nami nimeshasimama mbele yao. Labda anataka kunyonya. Labda nepi imejaa. Labda mama amechoka. Mama mkwe wala hakuinua macho. Jirani, aliyekuja kuchukua zile chupi za kurudisha sokoni, alinitazama kutoka mlangoni.

"We mzazi, kaa chini. Ulihangaika abebwe, kabebwa. Wewe huyo utambeba mpaka umchoke, mwenzio ana siku mbili tu."