Mavyaa Mbele ya Pazia, Mama Nyuma

Asalaam alaykum. Admin, nakuomba jina langu lisitoke hata herufi moja, maana mji wetu mdogo na mdomo wake mkubwa. Mimi ni mama wa miaka sitini na moja, mjane, nakaa Mji Mkongwe, ghorofa ya pili, kwenye ngazi zilizonimaliza magoti. Nina mtoto mmoja tu wa kike, niliyemlea kwa kupika maandazi. Nitamwita Salma, ingawa si jina lake. Ameolewa, yuko Kanada.

Wiki iliyopita nilimuona mtu humu anauliza kama kwenye safari ndefu ya ndege kuna maana ya kulipia daraja la kati, vile viti ambavyo si vya matajiri wanaolala chali, wala si vya sisi tunaobanana nyuma. Mkamjibu kwa vicheko, eti ndege inatua wakati mmoja kwa wote. Mimi sikucheka. Nilikaa nikalia.

Salma alipokuwa na mimba ya kwanza alituomba twende wawili: mimi nikamlee arubaini yake, na mavyaa wake, yaani mama wa mumewe, nimwite Bi Zeyana, akamuone mjukuu. Nilimwambia mapema, "Mwanangu, miguu yangu hii inavimba nikikaa sana. Kama una uwezo, nitafutie kiti chenye nafasi kidogo." Akanijibu, "Mama, nshatafuta, vimekwisha vyote. Mmepata vya kawaida." Nikamwamini. Mtoto wangu mwenyewe, kwa nini nisimwamini?

Nikafunga begi. Mdalasini na pilipili manga nilivifuata mwenyewe mashambani Kizimbani, nikatwanga, nikachekecha, nikatia na kanga za kumfunga tumbo na mafuta ya nazi ya kumkandia. Bi Zeyana alikuja kutoka kwao Mangapwani na mkoba wa mkononi.

Njiani tukabadilisha ndege, tukapanda ile kubwa ya safari ndefu. Msichana wa ndege akatazama kadi zetu. Bi Zeyana akaoneshwa kiti palepale, kipana, kina na pa kuegemeza miguu. Mimi nikaambiwa nipite pazia, niende nyuma. Bi Zeyana akashituka. "Ah, kwani hatukai pamoja?" Nikajiambia labda kilibaki kimoja tu kikamuangukia yeye, na akipate, ni mkwe. Huko nyuma nikakaa kati ya wanaume wawili wenye mabega, magoti yangu yakigusa kiti cha mbele.

Hatujafika hata nusu ya safari, Bi Zeyana akaja kuniangalia. Akaiona miguu yangu. "Inuka mwenzangu, kakae kwangu kidogo, mimi ntakaa hapa." Nikakataa, akakasirika kweli, nikaenda. Msichana wa ndege alituona, akajifanya hakutuona. Basi, kwa yule aliyeuliza: kina thamani, asikudanganye mtu. Nilinyoosha miguu nikahisi damu inatembea. Halafu nikageuza shingo. Kiti cha pembeni yangu kitupu. Cha mbele yake kitupu. Na safu ya ng'ambo viwili vitupu. Raha yote ikanitoka.

Uwanjani Salma alimkumbatia Bi Zeyana kwanza. "Mavyaa, umepumzika? Kiti kilikuwa kizuri?" Kisha akanigeukia mimi, niliyevaa kandambili kwa sababu viatu vilikataa kuingia. "Mama, viungo vimepita forodhani?"

Nilinyamaza mpaka arubaini ikaisha. Nilimkanda kwa maji ya moto, nikampikia uji wa pilipili manga, nikamuogesha mtoto. Siku ya mwisho ndipo nikamuuliza kwa nini alinidanganya kuhusu vile viti. Hakuona haya hata kidogo. "Mama, mavyaa ningemweka nyuma, ukoo mzima ungenisema. Wewe mama yangu, huna neno." Jamani, mafuta ya maandazi yamenirukia maisha yangu yote, lakini sikuwahi kuungua vile.

Sasa ana mimba ya pili, siku zake zimekaribia. Juzi kanitumia tiketi, daraja la kati. Akaniandikia, "Mama, safari hii nimekukumbuka, utakaa kwa raha." Nililia kwa furaha. Nilimsamehe yote papo hapo, nikawahadithia majirani mpaka wakachoka na mimi. Jana nikampigia Bi Zeyana kumuaga. Akasema, "Alhamdulillahi. Nlimwambia mimi sendi, kile kiti alichotaka kunikatia akupe wewe. Hakukwambia?"

Kumbe hata safari hii mwanangu hakunikumbuka. Aliyeikumbuka miguu yangu ni mwanamke ambaye hakunizaa wala sikumzaa, na mwanangu akazipokea shukrani zangu akanyamaza nazo.

Pilipili manga nimeshatwanga. Begi liko wazi kitandani, naliangalia tu. Nikisema siendi, atajifungua ugenini bila mtu wa kumkanda, na roho hiyo mimi sina. Nikienda kimya, nitakuwa nimekubali kuwa mama wa nyuma ya pazia mpaka naingia kaburini. Nikimwambia, naogopa ataona mama yake mtu mzima anagombea kiti, na mimi sigombei kiti. Usiku silali, mchana maandazi naunguza.

Nyinyi mliozaa, na nyinyi mlio na mama zenu hai, nishaurini, nifanye nini? Mkiniambia niende, nitakwenda. Lakini uwanjani safari hii aniulize miguu kwanza, ndipo aulize viungo.