Ukuta wa Mjomba Brashi Uliokataa Kuwa Mweupe

"Mjomba, moshi ukitoka dirishani unakwenda wapi?"

Nilikuwa mdogo, nimekaa sebuleni kwake. Mjomba huyu, kaka yake mama, ni fundi rangi, na mtaa mzima unamwita Brashi. Alikuwa anavuta sigara, kichwa nje ya dirisha, mwili wote uliobaki ndani.

"Unakwenda kwao," akanijibu. "Na wewe binti nenda kwenu."

Nikaenda.

Mjomba ni mvutaji mwenye adabu zake. Akimaliza, hupunga gazeti, hupuliza marashi ya kopo, kisha hutangaza kwamba nyumba ni safi. Kochi lake lilinuka kama kisahani cha majivu kinachokwenda harusini. Mapazia yalikuwa na rangi ambayo hata yeye, bingwa wa kuchanganya rangi, hakuijua jina.

Mwaka huu binti yake, ambaye mimi namwita dada, alimleta mwanawe anayetambaa. Mtoto akafagia zulia zima kwa tumbo, akanyonya vidole, akalamba mguu wa kochi. Jioni kifua kikaanza kupiga filimbi. Kliniki, muuguzi akauliza nani anavuta. Mjomba akaapa hajavuta mbele ya mtoto, na kwa kweli hakuwa amevuta. Muuguzi akasema sumu ya moshi hung'ang'ania ukutani, kwenye vitambaa na vumbi, miezi mingi baada ya sigara kuzimwa, na anayeishi sakafuni ndiye anayeila.

"Baba, mtoto haingii tena kwako," dada akasema.

"Kwani nimemlisha sigara?"

"Ukuta wako umemlisha."

Mjomba akacheka mpaka akakohoa, na kukohoa anakujua. "Basi ukuta nitaupaka rangi, muone haya."

Sasa, huyu ndiye aliyekuwa akiwahubiria mafundi wenzake kwamba rangi si shuka la kufunikia uchafu. Osha kwanza, ndipo upake. Kwake hakugusa hata tone la maji. Kuosha kungekuwa kukiri kwamba kuna cha kuoshwa. Akapaka nyeupe juu kwa juu, iking'aa kama meno ya mgombea, akamwita binti yake aje kuona.

Dada akaishia mlangoni, mtoto mgongoni. Ukuta ulikuwa umetoka mabaka ya manjano, mengine yakichuruzika kama chai.

"Baba, ukuta unatoka jasho."

"Unyevu tu huo."

"Unyevu unanuka sigara?"

Mtoto akamnyooshea babu mikono. Dada akarudi nyuma hatua moja. Mjomba akabaki na mikono hewani, kama mtu anayepimwa koti.

Jumamosi nilimkuta juu ya ngazi, sponji mkononi. Mapazia na zulia vilikuwa jalalani, kochi nalo uani likisubiri mnunuzi asiye na pua. Ndoo niliyokuwa nimeishika ilikuwa na maji ya kahawia, ingawa tulikuwa tumeyabadilisha muda si mrefu.

"Mjomba, uliniambia ule moshi ulikwenda kwao."

Akachungulia ndani ya ndoo, akatazama ukuta uliobaki, halafu mlango.

"Hapa ndipo kwao," akasema. "Kalete maji mengine."