Dosari Iliyofungwa Mezani

Siku yangu ya kwanza kama mkaguzi wa usalama wa anga nilizuia ndege ya watu niliokuwa nakula nao chakula cha mchana. Kabla ya hapo nilikuwa fundi wa ndege katika karakana moja jijini Mwanza, msichana wa Binza, Maswa, niliyezoea harufu ya grisi kuliko ya manukato. Mkaguzi Mkuu, mzee mrefu wa Tanga aliyevaa sweta hata jua likiwaka, hakunionyesha meza wala kiti. Alinipeleka moja kwa moja kwenye maegesho ya ndege akasema, "Bi Limi, chagua moja uikague."

Niliyoichagua ilikuwa ya karakana yangu ya zamani. Tairi la kushoto lilikuwa limelika mpaka nyuzi zimetokeza. Abiria walikuwa wameshapanda. Fundi kiongozi, yule aliyenifundisha kushika spana, alinisogelea akaniambia kwa sauti ya chini, "Limi, tutalibadilisha tukirudi. Watu wameshakaa."

Nikamgeukia Mkaguzi Mkuu.

"Usinitazame mimi," akasema. "Mimi leo sipo hapa."

Niliwashusha abiria. Fundi kiongozi hakunisemesha tena mpaka anaingia kaburini, na mazishi yake nilihudhuria nikiwa nimesimama nyuma kabisa.

Vijana wengi hudhani kazi ile ilikuwa ya kukamata watu. Haikuwa hivyo. Ajali ikitokea, wapo wachunguzi wao wanaotafuta chanzo ili isirudiwe. Sisi tulishughulika na aliyevunja kanuni, hata kama hakuna aliyeumia. Na makosa mengi hayakwenda mahakamani. Yalikuwa na njia yake: mkaguzi anaandika dosari, yaani kasoro aliyoiona kwa macho, mwenye ndege anatoa mpango wa kuirekebisha, asiporekebisha, anapewa notisi ya ukiukaji. Hapo ana haki ya kujibu, ana haki ya kusikilizwa mbele ya jopo, na akishindwa ana haki ya kukata rufaa. Adhabu yenyewe haikuwa jela. Ilikuwa faini, au leseni kusimamishwa kwa muda, au kufutwa kabisa. Mkaguzi Mkuu alikuwa akituambia kila mara, "Leseni ni mkate wa mtu. Ukiigusa, uwe umeona, si umesikia."

Nilikaa Dodoma, nikakaa Mtwara, na nilipokaribia miaka ya mwisho ya utumishi nikarudishwa kanda ya ziwa. Nilifurahi, maana eneo langu lilikuwa Simiyu, nyumbani. Nikikagua viwanja vidogo vya changarawe huko, watu walinisalimia kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayu," yaani umeamkaje, mama, nami nikajisikia mtu tena badala ya ofisa.

Kimoja cha viwanja hivyo kilikuwa nje kidogo ya Lamadi, karibu na barabara kuu. Kilitumiwa na kampuni ya ndege ndogo iliyoleta watalii wa Serengeti. Kampuni ile ilikwishakufa, na jina lake siliandiki. Njia ya miguu ilikikata kiwanja katikati, ikitoka mwaloni ambako mitumbwi hushusha samaki, kwenda sokoni. Njia hiyo ilikuwapo kabla ya kiwanja. Kanuni ilitaka kuwe na uzio, au mwangalizi mwenye redio na bendera wa kuzuia watu na mifugo ndege inapokuja. Na rubani mwenyewe alitakiwa apite juu ya kiwanja kwanza, atazame, ndipo azunguke atue.

Nilipokwenda sikukuta uzio wala mwangalizi. Nilikuta mbuzi. Nikaandika dosari ya daraja la kwanza, maana yake kiwanja kisitumike mpaka irekebishwe. Haukupita muda, meneja wa kampuni akatuma mpango wa marekebisho pamoja na picha: nguzo mpya, waya, na mwanamume ndani ya kizibao cha rangi ya chungwa akiwa ameshika bendera.

Nikaenda kwa Mkuu wa Kanda kuomba gari.

"La nini?" akauliza. Alikuwa mtu wa heshima, mwenye kuvaa tai hata Jumamosi, na hakuwa mla rushwa. Hilo naliandika kwa sababu watu wakisikia kisa hiki hufikiri vinginevyo.

"Kwenda kuhakiki Lamadi, mzee."

"Picha si hizi hapa? Bi Limi, msimu wa wageni umeanza, simu za kutoka juu hazikomi. Gari lenyewe linakwenda Musoma."

"Picha inaonyesha siku moja tu, mzee. Sijui kesho yake kuna nini."

"Wewe una mashaka na kila mtu." Akachukua kalamu, akaifunga dosari palepale mezani, yaani akaandika kwamba imerekebishwa. Nilimwambia kwamba sikubaliani. Akanijibu kwamba ndiyo maana yeye ni Mkuu wa Kanda.

Baadaye tulikuja kujua kwamba yule mwanamume wa kizibao alikuwa mkata nyasi wa kampuni. Alivikwa kizibao, akapigwa picha, kizibao kikarudishwa stoo.

Aliyekufa aliitwa Minza. Alikuwa mchuuzi wa dagaa, mke wa mvuvi aitwaye Malongo, mama wa watoto wakubwa. Asubuhi hiyo alikuwa anasukuma baiskeli yenye gunia akikatiza kiwanja kama alivyofanya miaka yote. Ndege ilitokea upande wa jua.

Nilifika siku hiyohiyo mchana. Mwili ulikuwa umeshapelekwa hospitali. Dagaa walikuwa wametapakaa kwenye changarawe, wanameremeta, na kuku wa jirani walikuwa wanawadonoa. Hakuna aliyewafukuza. Rubani alikuwa amekaa chini ya bawa, kijana wa Bukoba aitwaye Kapteni Deo, shati jeupe limeloa jasho mgongo mzima. Aliponiona na kitambulisho changu akasimama.

"Mama, sikupita juu," akasema. "Waliniambia kuzunguka ni kumaliza mafuta. Wageni walikuwa wanasubiri. Sikupita juu, mama."

"Usiniambie sasa," nikamwambia. "Utapewa notisi. Utajibu kwa maandishi, ukiwa na wakili. Ndiyo haki yako."

"Haki yangu?" akasema, akakaa tena chini.

Tulitoa notisi mbili. Ya Deo ilihusu kutua bila kukagua kiwanja, na leseni yake ikasimamishwa papo hapo kusubiri uamuzi. Ya kampuni ilihusu kutokuwa na mwangalizi na kuipa mamlaka yetu ya anga taarifa za uongo. Polisi nao walifungua jalada lao, ambalo halikufika popote ninapojua.

Siku ya shauri, Mwanza, Malongo alikuja na kaka yake. Walikaa kwenye benchi la nyuma, kofia mikononi. Kabla hatujaingia, Mwanasheria wetu, mwanamke wa umbo dogo mwenye akili kali, alinivuta pembeni.

"Bi Limi, jibu ulichoulizwa tu. Ya ofisini yabaki ofisini."

"Nikiulizwa ya ofisini?"

"Omba Mungu usiulizwe."

Niliulizwa. Wakili wa kampuni alisimama taratibu, akafunga kifungo cha koti. "Shahidi, ile dosari ya awali, mlikwisha kuifunga?"

"Ilifungwa."

"Yaani mamlaka yenyewe iliridhika kwamba kiwanja ni salama."

Akageuza ukurasa.

"Mlikwenda kukiona?"

Mkuu wa Kanda alikuwa amekaa mbele yangu, anafuta miwani isiyokuwa na vumbi. Nilijua vizuri jibu langu litakwenda wapi. Kama mamlaka ilikubali bila kuona, kampuni ingesema nayo iliamini imekubaliwa, na lawama ingegawanywa. Nikisema nilikwenda, kampuni ingebeba mzigo wake wote, na hakuna aliyekuwa na ushahidi wa kunipinga. Nilimtazama Malongo. Sijui nilitaka aniambie nini. Alikuwa anatazama sakafu.

"Hatukwenda," nikasema. "Niliomba kwenda, nikakataliwa."

Yule wakili alitabasamu kidogo, akakaa. Mwanasheria wetu aliandika kitu, akakikata.

Uamuzi ulipotoka, leseni ya Deo ilifutwa. Kampuni ilitozwa faini, lakini jopo liliipunguza sana kwa sababu mamlaka nayo ilizembea. Likaongeza sharti moja: kampuni iajiri mwangalizi wa kudumu, mkazi wa palepale. Wakili wa kampuni alikuwa na haraka ya kupongezwa, hakulipinga. Mwanasheria wetu alinipita mlangoni akaniambia tu, "Umewapa ushindi, dada yangu."

Deo hakukata rufaa. Nilimhimiza, maana kosa lile hakulifanya peke yake. Akanijibu, "Nirudi angani kufanya nini, mama?" Mara ya mwisho niliposikia habari zake alikuwa anauza vifaa vya simu Bukoba.

Malongo alikuwa ananisubiri kwenye korido. Kiswahili cha mle ndani kilikuwa kimempita, kwa hiyo nilimweleza kwa Kisukuma, polepole.

"Hiyo faini," akauliza, "inakwenda kwa nani?"

"Inakwenda serikalini, baba. Mfuko mkuu."

"Na Minza?"

Nikamweleza kwamba fidia ni jambo jingine, kwamba anaweza kufungua madai mahakamani, kwamba shauri la leo lilihusu kanuni. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Nilikuwa nangoja watamtaja. Nimekaa tangu asubuhi. Sijasikia jina lake hata mara moja."

Nilitaka kumbishia, nikarudia kichwani yote yaliyosemwa. Ilikuwa kweli. Mle ndani Minza aliitwa "mtu wa tatu aliyekuwa kiwanjani." Mimi mwenyewe ndivyo nilivyomwandika, kwa kuwa ndivyo fomu zetu zilivyotaka.

Madai ya mahakamani hayakufunguliwa. Kampuni iliwatangulia, ikaenda kwa wazee wa familia na kitu kidogo, wakaweka dole gumba, yakaisha. Mkuu wa Kanda alihamishwa, akastaafu huko alikohamishiwa, akaagwa kwa sherehe. Mimi nilitolewa kwenye ukaguzi nikapewa kiti cha kupokea maombi ya leseni. Sikwenda tena uwanjani mpaka siku ya kustaafu. Nilipewa saa ya ukutani na kitenge, nikarudi Simiyu, nikajenga Bariadi.

Vijana walioko kwenye kazi hiyo hunipigia simu wakati mwingine. Wananieleza kwamba siku hizi dosari zinafuatiliwa kwa kompyuta, kwamba picha zinakuja na mahali zilipopigwa. Ni vizuri. Huwa nawauliza kama wamekwenda. Wengine hucheka, wengine hubadilisha mazungumzo. Wakiniuliza kama najuta kusema ukweli siku ile, nawajibu kwamba sijui kusema kingine, ila wasidanganyike kwamba ukweli ukisemwa mambo hunyooka. Mimi niliusema na mwenye nguvu akapungukiwa mzigo. Usingizi wangu haukuwa bora kwa hilo, wala haukuwa mbaya zaidi.

Mwaka jana nilikwenda Lamadi kwenye msiba wa mtu wa ukoo wetu. Siku ya kurudi nikamwambia mwenye bodaboda anipitishe kiwanjani. Kampuni ni nyingine sasa, lakini sharti la jopo liliandikwa kwenye kibali cha kiwanja, na limebaki. Kulikuwa na kibanda cha mabati, na mwanamke wa umri wa miaka thelathini hivi amesimama mlangoni, redio mkononi, bendera nyekundu kwapani. Ng'ombe walikuwa wanavuka, mchungaji akiwapigia miluzi. Ndege ilikuwa imeshaonekana juu ya ziwa.

"Usitue," alisema kwenye redio. "Zunguka."

Redio ikakoroma. Rubani alikuwa analalamika kuhusu ratiba.

"Nimesema zunguka." Wala hakupandisha sauti.

Ndege ikazunguka. Ndipo akaniona, akanitazama kwa muda mrefu.

"Wewe ndiye mayu wa kwenye kesi?"

"Ndiye. Na wewe?"

"Kabula. Wa Minza."

Nikaangalia njia ya miguu. Ilikuwa bado inapita palepale.

"Baba anasema ulisema kweli," akasema, "na kweli yenyewe ikawasaidia wao."

"Ndiyo," nikamjibu. "Ndivyo ilivyokuwa."

Aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyekuwa anataka kuhakikisha tu. Ng'ombe wa mwisho alitoka kwenye changarawe. Kabula alitembea mpaka katikati ya njia, akatazama kushoto, akatazama kulia, akarudi. Akainua redio, akamruhusu rubani. Kisha akanigeukia.

"Rudi nyuma ya mstari, mayu," akasema. "Ndege inatua."

Nikarudi nyuma.