Lori la Bati kwa Vidole vya Dereva Isidori

Jua la saa mbili asubuhi limeshapanda juu ya mabati ya vibanda vya mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, na Ndugu Mwinyimvua Pazi ana mlango mkononi. Ni mlango wa lori, lakini hauzidi ukubwa wa kiberiti. Ameukata kutoka kwenye kopo la maziwa ya unga, akaupiga msasa, akaupaka rangi ya kijani. Hauna hata mkunjo mmoja.

Anaulaza juu ya kifuko cha mchanga. Anachukua msumari mnene uliosagwa ncha ukawa butu, anauelekeza chini kidogo ya dirisha, anavuta pumzi, anagonga. Rangi inapasuka. Anafumba macho, anapitisha kidole gumba juu ya kibonyeo, anatikisa kichwa. Anagonga tena.

"Wallahi leo Mwinyi kapatwa," anasema Hamis, jirani yake wa kibanda, ambaye kazi yake ni majiko ya mkaa. "Jana kutwa ananyoosha, leo anabonyeza. Wateja wakikuona watakimbilia kwangu."

"Waje tu. Majiko yako yamebonyea bila hata kugongwa," anajibu Mwinyimvua, macho bado kayafumba.

Mafundi wa jirani wanacheka. Nyundo zinaendelea.

Mwinyimvua ana miaka arobaini na sita. Kwa wapita njia wengi wa Kariakoo yeye ni fundi wa koroboi, zile taa ndogo za mafuta ya taa ambazo bado zinawaka katika vyumba vingi vya mji huu. Kazi hiyo alifundishwa na mjomba wake. Malori hakufundishwa na mtu.

"Nilikuwa nakaa hapa, malori yanapita kupakia mizigo, nayatazama," anasema. "Lori likisimama, naenda kuchungulia chini. Madereva wakanizoea. Wengine wakadhani mimi mwizi wa vipuri."

Siku bati likipatikana, hutoa koroboi ishirini. Siku hizi haliji kirahisi. Wanawake waliokuwa wakitupa makopo sasa wanayatunza ya kupimia mchele, na kuna wiki ambazo hafikishi hata nusu ya kazi yake ya kawaida. Kwa hiyo kipande kinachobaki baada ya koroboi hakitupwi. Kinangojea kuwa bamba la mbele, au tangi, au ngazi ya kupandia.

Malori yake si yale ya kukokotwa kwa kamba na watoto, ingawa hayo pia huyatengeneza na kuyauza shilingi tano tano. Katika haya mengine, matairi ni ya raba ya kandambili zilizokwisha, yaliyochongwa kwa wembe hadi kashata zake, yale meno ya kukamatia barabara, zikaonekana. Taa ni vizibo vya chupa. Wavu wa rejeta ni kipande cha wavu wa dirisha. Springi amezipanga pande juu ya pande, kubwa chini ndogo juu, kwa mkanda wa chuma wa kufungia masanduku ya bandarini, na ukilibonyeza lori kwa kiganja, linashuka na kupanda kama lenyewe.

"Watu hawatazami huko chini," anakiri. "Lakini mimi najua kwamba zipo."

Miezi miwili iliyopita, Bibi Candida, mshonaji wa Magomeni, alisimama mbele ya kibanda hiki akiwa na picha ndani ya kanga. Picha ilimwonyesha mumewe, Isidori, akiwa ameegemea lori la Fiati huko Iringa, mkono mmoja kiunoni. Kwa miaka saba aliendesha lori hilo kutoka Dar es Salaam hadi Zambia, wakati barabara nzima ilikuwa vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika. Kisha macho yakaanza kufifia. Sasa haoni kabisa.

"Mume wangu hakuwa mtu wa kimya," anaeleza Candida. "Akirudi safari, mtaa mzima unajua. Sasa nikimwuliza atakula nini, ananiambia chochote. Mwaka mzima nimepika chochote. Nikasema, labda akilishika gari lake atarudi kidogo. Nirudishieni hata robo yake, nitashukuru."

Mwinyimvua alifanya kazi kwa wiki tatu. Alihesabu nati za magurudumu kwa kutumia kioo cha kukuzia alichoazima kwa fundi saa. Alipaka rangi mara nne, akiisugua kila mara, mpaka bati likateleza kama sahani. Majirani walikuja kulitazama. Hamis, ambaye hasifu kitu, alisema, "Hili sasa lina dharau."

Yeye na Candida walilipeleka Magomeni Jumapili. Candida aliliweka magotini kwa mumewe. Isidori alipitisha mikono juu ya kichwa cha lori, akagusa bodi, akagusa magurudumu. Haikuchukua muda.

"Gari zuri," alisema. "La nani?"

Hakukuwa na kejeli katika sauti yake. Aliuliza kwa adabu, kama mtu aliyeonyeshwa mtoto wa jirani. Candida akainuka kwenda jikoni, akakaa huko.

Mwinyimvua anasema hakuwahi kuumia hivyo kwa kazi ya mikono yake. Aliporudi nyumbani hakutaka chakula. Mkewe, Sitara, alimwacha hadi akamaliza kulalamika, kisha akasema neno ambalo fundi huyu analirudia hadi leo.

"Baba Kijakazi, wewe umemtengenezea picha. Yule picha ana haja nayo gani?"

Ndipo alipoelewa. Rangi, ambayo ndiyo iliyomchosha kuliko vyote, haikuwa na kazi yoyote pale. Picha aliyopewa ilipigwa upande wa dereva tu, na upande wa pili aliubuni, akaunyoosha kama wa kwanza. Na Isidori hakuwahi kuendesha lori lililonyooka.

Wiki iliyofuata alirudi Magomeni peke yake. Hakubeba kitu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umekuja kuchukua gari lako?"

"Nimekuja kuuliza, mzee. Nimekosea wapi?"

Isidori akasema kwamba hakuna kosa, na kwamba fundi asijisumbue. Mwinyimvua hakuondoka. Akauliza kuhusu mlango wa kushoto.

"Mlango wa kushoto," Isidori alisema polepole, "ulikuwa na shimo la kuingia ngumi. Jiwe la mlima Kitonga lile."

Kimoja kikaleta kingine. Kioo cha pembeni kilikuwa kimefungwa kwa ukanda wa tyubu kwa sababu mkono wa kioo hicho ulikatika. Kitasa cha mlango wa utingo, msaidizi wake wa safari, kilikuwa waya uliopindwa. Chini ya bodi palikuwa na sanduku la mbao la sufuria na unga. Juu ya kioo cha mbele palikuwa na neno NITAFIKA, ambalo Mwinyimvua alikuwa ameliandika kwa rangi, na ambalo kidole cha Isidori kilipita juu yake kama hakuna kitu. Alipoaga, fundi aliondoka na lori kwapani.

Hiyo ndiyo sababu ya nyundo ya leo. Neno lile limeshaandikwa upya kwa waya mwembamba uliolehemewa, herufi moja moja. Tyubu imefungwa. Sanduku la mbao limepata kifuniko kinachofunguka. Kilichobaki ni mlango huu, na fundi aliyeishi kwa kunyoosha bati anajifunza kulibonyeza ipasavyo. Vibonyeo viwili vya kwanza vilikuwa vya huruma mno. "Jiwe halina huruma," anasema, na anagonga.

Jioni, lori linasafiri hadi Magomeni limefungwa kwenye kanga ya Sitara. Isidori amekaa kwenye mkeka barazani. Candida amesimama mlangoni, uzi wa kushonea bado umemning'inia begani.

Safari hii mikono inaanzia mbele. Inakuta herufi, inasimama, inazifuata hadi mwisho. Inashuka kwenye kioo cha pembeni, inagusa ukanda wa tyubu. Inavuka kwenda kushoto. Kidole cha kati kinaingia kwenye kibonyeo cha mlango na kinabaki humo.

Mwinyimvua anatazama miguu yake mwenyewe.

"Leodegar alikuwa anakaa hapa," anasema Isidori. "Utingo wangu. Jiwe lilipogonga, akaruka akanikalia mapajani. Mwanamume mzima! Nikamwambia, we mpuuzi, nashika usukani, wewe unanikumbatia?"

Anaanza kucheka, mabega yakitikisika, na kicheko kinamtoa machozi. Candida anajifuta uso kwa ncha ya kanga.

"Mbona hukuwahi kunisimulia hilo?" anauliza.

"Ungenikataza safari." Mkono wake umeshafika nyuma ya lori, unapapasa hewani. "Fundi! Tela liko wapi?"

"Tela, mzee?"

"Nilikuwa navuta tela. Ulidhani nakwenda Zambia na kijigari hiki? Lina magurudumu manane, usinidhulumu hata moja."

"Mzee, tela mimi sikuliona hata kwenye picha," anasema Mwinyimvua. "Nikilitengeneza peke yangu nitakosea tena. Uje Gerezani, ukae karibu yangu, unielekeze."

Isidori hajatoka katika nyumba hii tangu alipopoteza macho, isipokuwa kwenda kanisani na hospitali. Anakunja uso.

"Nitapelekwa na nani?"

"Nitakupeleka mimi, Baba Theopista," anasema mkewe. "Jumamosi."

"Njia unaijua?"

"Naijua."

"Huijui. Jumamosi Msimbazi hapapitiki. Tutashuka kituo cha Faya, tupite mitaa ya ndani. Nitakwambia pa kukata."

Njiani kurudi, Mwinyimvua anasema ana makopo mawili ya kuanzia tela, na mengine atayatafuta. Atahitaji kigoda cha pili kibandani, chenye mgongo wa kuegemea, na huo atamwomba Hamis amtengenezee. Lori alikimbilia kulitengeneza bila kumwuliza mwenyewe, anasema, na haraka ndiyo iliyomponza. Tela atalifanya taratibu.

"Bati lenyewe adimu," anasema. "Tela likituchukua mpaka Ramadhani, mimi sitalalamika."